Kisasi: neno la mkasi na nyayo

Chukua maneno matatu: kisa, mkasi, kisasi. La kwanza ni la msimuliaji, la pili la fundi cherehani, la tatu la mtu aliyepigwa na hataki yaishe hivi hivi. Yote matatu yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye herufi tatu: qaf, sad, na sad nyingine. Ukiujua mzizi huo utaona kwamba kiini cha neno kisasi ni kipimo, na kwamba hasira tunayoisikia ndani yake leo ilidandia safari njiani.

Kitenzi chenyewe ni "qassa", nacho kina maana mbili za zamani. Moja ni kukata kwa makali, kama unavyokata kucha, nywele au kitambaa. Nyingine ni kufuata nyayo za mtu hatua kwa hatua, unakanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Maana ya kukata ndiyo iliyozaa "miqass", yaani kifaa cha kukatia, ambacho Waswahili tunakiita mkasi, na wengine makasi. Maana ya kufuata nyayo ikazaa "qissa". Msimuliaji mzuri hafanyi zaidi ya hapo: anafuata nyayo za jambo lilivyotokea, haruki, hapiti njia ya mkato. Hapo ndipo tulipokipata kisa.

Wasomaji wa Kurani wanaikuta maana hii ya nyayo waziwazi. Sura ya 28 inaitwa Al-Qasas, Visa, na katika aya yake ya 11 mama yake Musa anamwambia dada yake Musa amfuatilie mtoto aliyetiwa mtoni. Kitenzi alichotumia ni hicho hicho cha mzizi wetu. Katika Sura ya 18, aya ya 64, Musa na kijana wake wanagundua kwamba wamepitiliza walipokuwa wakipatafuta, wanageuka na kurudi juu ya nyayo zao wenyewe. Neno lililotumika hapo ni "qasasa".

Sasa liweke "qisas", neno la Kiarabu lililotupa kisasi, juu ya maana zote mbili. Aliyejeruhiwa anazifuata nyayo za aliyemjeruhi. Pale mkosaji alipokata, naye akatwe pale pale, kwa kina kile kile, basi. Akikanyaga nje ya unyayo, hafuati tena. Ameanza njia yake mwenyewe, na neno halimhusu.

Umbo la neno nalo linasema kitu. "Qisas" limejengwa kwa kiunzi kile kile cha "hisab", "jihad" na "jidal", yaani jina la kitendo kinachofanywa na pande mbili zinazokabiliana. Mawili ya kwanza yamefika kwetu kama hesabu na jihadi. Hesabu ndiyo inayosaidia zaidi hapa, kwa sababu kisasi na hesabu ni ndugu wa umbo na pia wa maana. Katika Kiarabu cha biashara lipo neno jingine la mzizi huu, "muqassa", lenye maana ya madeni mawili kufutana. Ikiwa namdai mtu 100 naye ananidai 70, tunakata 70 kwa 70, zinabaki 30. Mabenki ya nchi za Kiarabu yanalitumia hadi leo kwa shughuli ya kulinganisha hundi wanazodaiana. Hakuna aliyekasirika katika muqassa. Kuna vitabu viwili vya hesabu na kalamu.

Kwa nini Waarabu walihitaji neno la kipimo katika mambo ya damu? Kwa sababu walikuwa na jingine lisilo na kipimo: "tha'r". Hilo ndilo lililokuwa neno la kabila linalodai damu ya mtu wake. Mfano unaotajwa sana ni vita vya Basus kati ya makabila mawili ndugu, Bakr na Taghlib, vilivyoanza kwa ngamia aliyepigwa mshale na ambavyo, kwa mapokeo, vilidumu miaka 40. Kulayb, mkubwa wa Taghlib, alikuwa ameuawa. Mtu mmoja wa upande wa Bakr, al-Harith bin Ubad, ambaye alikuwa amejitenga na vita, alimtoa kijana wake Bujayr ili damu ya huyo iifute damu ya Kulayb na watu wapumzike. Nduguye Kulayb, Muhalhil, alimuua kijana, kisha akatamka kwamba huyo analingana na ukanda wa kiatu cha Kulayb tu. Deni lote likabaki pale pale, na al-Harith, aliyekuwa nje ya vita, akaingia.

Angalia palipoharibika. Muhalhil hakukataa hesabu; alikataa thamani ya kilicholipwa. Kila upande unapojipangia bei ya mtu wake, hakuna malipo yanayotosha. Ndiyo maana aya ya 178 ya Sura ya Baqara, inayoleta neno "qisas" kama hukumu, inaanza moja kwa moja na vipimo: muungwana kwa muungwana, mtumwa kwa mtumwa, mwanamke kwa mwanamke. Msikilizaji wa leo hushtushwa na matabaka hayo. Msikilizaji wa wakati ule alikuwa anasikia katazo: msiue waungwana wao wawili kwa mtumwa wenu mmoja, wala mwanamume kwa sababu mwanamke wenu alikuwa wa ukoo mkubwa. Aya inayofuata, ya 179, inasema katika kisasi mna uhai. Wengi huiona kama kitendawili. Ukilishika neno kwa maana ya kipimo haiwi kitendawili: anakufa mmoja, na vijiji viwili vinabaki.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, waliifanyia kazi maana hiyo kwa undani ambao mtu anayetumia neno hili kila siku hawezi kuudhania. Kwa uuaji, kisasi ni kwa kuua kwa makusudi tu. Kwa kuua kwa bahati mbaya hulipwa dia, yaani fidia ya damu. Wanaodai ni warithi wa marehemu, si kila mwenye uchungu. Wana njia tatu: kudai kisasi, kupokea dia, ambayo kipimo chake cha asili ni ngamia 100, au kusamehe. Anayetekeleza ni mwenye mamlaka baada ya hukumu, na mrithi anayejichukulia mwenyewe gizani amefanya kosa jingine. Kwa majeraha sharti ni gumu zaidi: kisasi kinawezekana pale tu ambapo usawa unaweza kupimika. Kidole kilichokatwa kwenye kiungo kinapimika, kwa sababu kiungo ni mpaka. Jino linapimika. Mfupa wa mguu uliovunjika haupimiki, maana hakuna anayeweza kuuvunja mwingine na kupata ufa ule ule. Jeraha lililoingia ndani ya tumbo nalo halipimiki, kwa kuwa anayelirudia anaweza kuua. Hilo lina dia yake, theluthi moja ya dia kamili. Panapokosekana kipimo, kisasi kinakwama na fidia inachukua nafasi.

Fikra ya kipimo haikuanza hapo. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe zaidi ya miaka 3,700 iliyopita na kufukuliwa Susa mwaka 1901, zinasema katika kifungu cha 196 kwamba anayemtoa jicho mtu wa tabaka la juu atatolewa jicho. Lakini kifungu cha 198 kinasema jicho la mtu wa tabaka la chini ni mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha, na cha 199 kinasema la mtumwa ni nusu ya bei yake. Jicho kwa jicho lilikuwa la wenye macho ya bei moja. Warumi nao, katika Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za karne ya 5 kabla ya Kristo, waliliita jambo hili "talio", na waliliwekea sharti: itumike ikiwa wawili hawakupatana. Neno lenyewe huhusishwa na "talis", kitu cha namna ile ile. Kilatini na Kiarabu hayana undugu wowote, na bado yote mawili, yalipotafuta jina la pigo la kurudisha, yalikwenda kuchota kwenye kisima cha ulinganifu.

Nitaongeza mfano mmoja wa huku kwetu Afrika, kwa sababu wanasheria wa dunia nzima wanaufundisha na sisi hatuusemi. Oktoba 1914, kwenye ngome ya Wareno ya Naulila, kusini mwa Angola, Wajerumani watatu waliokuja kutoka koloni lao la Afrika ya Kusini-Magharibi (Namibia ya leo) waliuawa. Ugomvi ulitokana na kutoelewana, na mahakama ya usuluhishi baadaye ilitaja sababu: mkalimani hakuimudu kazi yake. Wajerumani walijibu kwa kuzishambulia ngome za Wareno mpakani, Naulila yenyewe ikiwemo. Uamuzi ulitolewa mwaka 1928, nao uliweka masharti matatu kwa dola inayotaka kulipiza: liwepo kwanza kosa la sheria lililofanywa na upande wa pili, dola iwe imedai haki yake na ikanyimwa, na pigo la kurudisha lisipite mno ukubwa wa kosa. Wajerumani walishindwa yote matatu. Hapakuwa na kosa bali mkanganyiko, hawakudai chochote kabla ya kupiga, na ngome kadhaa kwa watu watatu hailingani.

Sheria za biashara za leo zimefuata unyayo huo huo. Katika Shirika la Biashara Duniani, lililoanza mwaka 1995, nchi iliyoshinda kesi na bado hailipwi inaweza kuruhusiwa kuiondolea nchi nyingine nafuu za biashara, lakini kiwango chake lazima kilingane na hasara iliyopatikana. Wanakaa wasuluhishi na kupiga hesabu. Fakihi wa karne ya pili ya Hijra angeketi nao na kuelewa wanachofanya.

Kisasi kinaingia Kiswahilini

Tumelipokeaje sisi? Kwa sauti, mambo yalikwenda kama kawaida. Qaf ikawa k, kama katika kalamu na wakati. Sad nzito ikawa s nyepesi, kama katika rahisi, iliyotoka "rakhis". Konsonanti ya mwisho haikuweza kubaki bila irabu, ikavaa -i. Baada ya sauti za midomo tungetia -u, na ndiyo maana tunasema kitabu na salamu. Baada ya s inakuja -i. Irabu ndefu ya katikati ilipoteza urefu wake, lakini mkazo ulibaki pale pale. Kiarabu kinakaza silabi ya pili, na Kiswahili, kwa kanuni yake ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kinaangukia hapo hapo: ki-SA-si.

Kisha likatokea jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa ustadi. Ile "qi-" ya mwanzo, ambayo ni sehemu ya mzizi, ilisikika kama kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI. Ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu, ndivyo ilivyokuwa kwa kisa. Hivyo tuna kitabu na vitabu, kisa na visa, kisasi na visasi. Upatanisho unafuata: kisasi changu, kisasi kile, kisasi kimelipizwa. Anayeandika "kisasi yangu" amekosea, na hawezi kujitetea kwamba neno ni la kigeni. Lilishapata uraia zamani. Mkasi ulipata bahati ya namna hiyo hiyo: "mi-" ya "miqass" ikawa m-, na tunasema mkasi, mikasi.

Kuna wanaolipasua neno na kutafuta "sasi" ndani yake, au kulihusisha na uasi. Uasi umetoka mzizi mwingine wenye herufi ya ain, maana yake kukaidi amri. Haviingiliani.

Maana ndiyo iliyosogea. Kiarabu kimeendelea kuwa na maneno kadhaa: "qisas" kwa kipimo cha sheria, "tha'r" kwa damu ya ukoo, "intiqam" kwa mtu anayetaka roho yake itulie. Kiswahili cha kila siku kimemrundikia kisasi mizigo yote mitatu. Leo mtu akisikia "kisasi" anawaza mtu aliyekaa na jambo moyoni, akisubiri siku yake. Kwa jambo la moyoni tunalo neno zuri tu, kinyongo, na kabla ya hapo tunaweza kusema mfundo au fundo la moyo. Kinyongo ni hali, kisasi ni tendo. Kitabu cha Walawi, sura ya 19 aya ya 18, katika Biblia ya mwaka 1952, kimevitaja vyote viwili bega kwa bega: usifanye kisasi, wala kuwa na kinyongo. Mfasiri alijua kwamba ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na kinyongo miaka 30 bila kulipiza chochote, na hakimu anaweza kutoa hukumu ya kisasi bila chembe ya kinyongo.

Kulipiza, nusu ya pili

Kisasi hakisimami peke yake. Husindikizwa na kitenzi, na kitenzi chake ni cha Kibantu tangu mwanzo hadi mwisho. Lipa ni neno la kale. Wakikuyu wana "kũrĩha" kwa maana ile ile. Swali ni umbo la lipiza. Wengi hudhani ni lipa iliyotiwa kiambishi cha kusababisha na basi. Kusababisha kwa lipa tunako tayari: lipisha. Aliyenilipisha faini alinifanya nitoe pesa. Mbona basi tuna lipisha na lipiza pia?

Jibu liko kwenye vitenzi vinavyoishia na irabu mbili: ingia huwa ingiza, potea huwa poteza, pungua huwa punguza, tulia huwa tuliza. Zamani kati ya irabu hizo mbili palikuwa na l, na l hiyo ilipokutana na kiambishi cha kale cha kusababisha ikageuka z. Hata lala, ambayo l yake haikupotea, huwa laza. Sasa tazama lipia. Lipia huwa lipiza, kwa njia ile ile ingia inavyokuwa ingiza. Kwa hiyo lipiza imezaliwa na lipia. Lipisha ni kumfanya mtu alipe; lipiza ni kumfanya mtu alipie, yaani alipe kwa ajili ya jambo fulani alilotenda. Ndani ya herufi ile z mna kosa la awali. Huwezi kumlipiza mtu ambaye hakufanya kitu.

Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote katika historia ya msemo huu. Kiarabu kilileta jina lenye kipimo, Kibantu kikaleta kitenzi kinachodai sababu. Kulipiza kisasi kunahitaji vyote viwili: kosa lililotangulia, na malipo yanayolingana nalo. Masharti ya Naulila, karibu yote, yamo ndani ya maneno mawili.

Kwa matumizi, haya ndiyo yanayowasumbua waandishi na watafsiri.

Kiambishi cha mtendwa kinabeba adui: "alimlipiza kisasi" maana yake adui ndiye aliyepata pigo. Ukiongeza -i- ya kutendea, mambo yanageuka: "alimlipizia ndugu yake kisasi" maana yake ndugu ndiye aliyetendewa hisani, na adui hajatajwa. Habari nyingi hupotosha hapa. Sentensi "wanajeshi waliwalipizia kisasi wanakijiji" inaweza kusomwa kwamba wanajeshi waliwatetea wanakijiji au kwamba waliwashambulia. Ukikusudia shambulio, andika "waliwalipiza kisasi wanakijiji", au taja pande zote: "waliwalipizia wenzao kisasi kwa kuwashambulia wanakijiji". Kihusishi "dhidi ya" nacho kinaondoa utata, "kisasi dhidi ya kijiji". Tafsiri za zamani zilipenda "juu ya". Ninachokikwepa ni "kisasi kwa", kwa sababu "kisasi kwa mauaji" kinataja sababu na "kisasi kwa jirani" kinataja mlengwa, na msomaji anaachwa akisie. Kwa sababu, tumia kihusishi cha umilikishi: kisasi cha mauaji yale.

"Kulipa kisasi" si kosa, lakini inapoteza ile z, na hapo msomaji hajui tena kama anayesemwa ndiye aliyekosewa au ndiye mkosaji anayetoa malipo. Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika Warumi 12:19, tafsiri ile ile ya 1952. Watu wanaambiwa "msijilipize kisasi". Mungu anasema "mimi nitalipa". Vitenzi viwili kwa makusudi: binadamu hulazimisha malipo, Mungu huyatoa. Ile -ji- ya "msijilipize" nayo isipite bila kutazamwa. Si kwamba wanakatazwa kujiadhibu; inasema wasiwe wenyewe ndio mahakimu wa jambo lao.

Na kitenzi kinaweza kusimama bila jina: "nitakulipiza" inatosha. "Nitakulipa" haitoshi, kwa kuwa inaweza kuwa ahadi ya mdaiwa mwema. Watoto wanaogombana husema "usilipizie", na hakuna anayehitaji kuuliza wanamaanisha nini.

Majirani wa kisasi

Si kila pigo la kurudisha ni kisasi, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha. Kinachoyatenganisha zaidi ni wakati. Pigo likiwa bado linakuja, anayelizuia au kulirudisha anajihami, neno la mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kulinda. Pigo likiwa limeshatua na ugomvi ungali moto, anayerudisha anajibu mapigo. Ugomvi ukiwa umelala, watu wametawanyika, kisha mmoja akarudi kesho au mwaka ujao, huyo analipiza kisasi. Mwandishi wa habari anayeandika "kisasi" kwa kombora lililorushwa nusu saa baada ya lile la kwanza ameshatoa hukumu kuhusu nia ya mrushaji. "Kujibu" halihukumu. Mimi naona hata kwa ushuru wa forodha, nchi moja inapoutoza na nyingine ikautoza vilevile, "ushuru wa kujibu" ni bora kuliko "ushuru wa kulipiza kisasi", labda pale tu ambapo viwango vimelinganishwa makusudi na hasara, jambo ambalo kwa kweli lingelirudishia neno heshima yake.

Rudisha lina tabia yake. "Alimrudishia kofi" ni kofi kwa kofi, kitu kile kile kinarejea kwa mwenyewe, kwa hiyo katika lugha yetu ndilo linalobana zaidi kwenye "jino kwa jino". Lakini ondoa -sha na kila kitu kinabadilika: "kumrudi mtoto" ni kumtia adabu, hana alichokupiga. Waandishi wapya hawalitumii sana hili, na ninasikitika, kwa sababu linatenga adabu na kisasi kwa silabi moja.

Uwanjani, watangazaji wa kandanda wanasema "mashambulizi ya kushtukiza" kwa timu inayopokonya mpira na kukimbia nao upande wa pili. Ni tafsiri nzuri, ingawa inataja mshtuko na si jibu. Kisasi wanakiweka kwa timu iliyofungwa mechi iliyopita, na hapo panazuka swali ambalo mzizi wa neno unalijibu vingine na mazoea vingine. Timu iliyofungwa 3-0 ikishinda 1-0 mchezo wa marudiano, imelipiza? Kwa mazoea, ndiyo, na vichwa vya habari vitaandika hivyo. Kwa mzizi, bado inadai mabao mawili. Neno la uwanjani lililo karibu zaidi na "qisas" ya asili ni jingine kabisa: kusawazisha. Anayesawazisha amefuta tofauti, ubao umekaa sawa, na hana haja ya la ziada.

Methali nazo zimegawanyika. "Dawa ya moto ni moto" inakubali pigo kwa pigo bila kuuliza kipimo. "Malipo ni hapa hapa duniani" inalitumia neno lile lile la lipa na kumwondoa mlipizaji kabisa. Malipo yanakuja yenyewe.

Limebaki umbo moja, la kutendana: kulipizana. Kile Kiarabu kilichokiweka ndani ya kiunzi cha "qisas", pande mbili zinazokabiliana, Kiswahili kimekirudisha kwa -na ya mwisho. Lakini sikiliza kinachotokea kwa jina linalofuata. Husikii watu wakisema walilipizana kisasi cha fulani, kimoja, kikajulikana cha nani na cha nini. Utasikia walilipizana visasi. Pindi -na inapoingia, jina linahamia kwenye wingi, na hakuna tena anayejua ni kipi kilikuwa cha kwanza.